Mama Akinyamaza, Nyumba Hupoa

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea kusoma, nakuomba unijibu swali moja moyoni mwako. Mama wa nyumba yako hupenda kufanya nini? Sikuulizi hufanya nini kila siku. Hilo twalijua sote: huamka kabla ya wengine, huwasha moto, huchota maji, hupika uji, huogesha watoto, huenda shambani au sokoni, na usiku huwa wa mwisho kulala. Nakuuliza jambo lile ambalo akilifanya uso wake hung'aa, hata kama hakuna mtu anayemlipa wala kumshukuru. Je, unalijua? Au itakubidi uende ukamwulize?

Kazi yangu ni ukarani katika parokia moja ya pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Temeke. Naandika majina ya wabatizwa, ya wachumba na ya wanajumuiya. Tunapoandika upya orodha ya jumuiya, humwuliza kila mtu kazi yake. Akina baba hujibu upesi: fundi, mvuvi, dereva, mlinzi. Akina mama wengi hujibu: "Andika mama wa nyumbani tu." Hilo neno "tu" hulisema kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaomba radhi.

Siku moja mama mmoja alinijibu hivyo hivyo, mtoto akiwa mgongoni na kikapu mkononi. Kikapu kilifunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa ndege na maua kwa nyuzi za rangi tatu. Kazi ilikuwa safi mno, hata nikadhani kimenunuliwa dukani. Nikamwuliza, "Mama, kitambaa hiki umekitoa wapi?" Akacheka kidogo. "Nilikidarizi mwenyewe, karani. Lakini ni cha zamani hicho, kabla sijazaa."

Kabla sijazaa! Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile. Niliimba kabla sijazaa. Nilifuma kabla sijazaa. Nilikuwa nikichora, nikicheza ngoma, nikiandika mashairi, kabla sijazaa. Utadhani Mungu alimpa mtu kipaji, na siku alipompa mtoto akakidai kipaji chake kirudi.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nisijifanye mwalimu wa wengine. Jambo hili nimejifunza kwa kosa langu, nami naliungama hapa, mke wangu akiwa amenipa ruhusa.

Nilipomwoa, mke wangu aliimba sauti ya kwanza katika kwaya. Kusema kweli, ni kwa sauti hiyo nilimjua. Tulipopata mtoto wa kwanza aliendelea na mazoezi, mtoto akilala juu ya kanga chini ya benchi. Tulipopata wa pili, nilimwambia: "Mama watoto, sasa inatosha. Kwaya ni ya wasichana. Wewe una nyumba." Hakubishana nami. Alikunja sare yake ya kwaya akaiweka chini ya sanduku.

Mwanzoni nilifurahi. Chai yangu ilikuwa tayari mapema, na jioni nilimkuta nyumbani. Baada ya miezi kadhaa niliona mabadiliko, ila sikuyapa jina. Mke wangu alifanya kazi zote kama kawaida, lakini alizifanya kama mtu anayelipa deni. Watoto walipopiga kelele alikasirika upesi. Nilipomweleza habari za ofisini alisema "ndiyo" kabla sijamaliza. Nikajiambia kwamba ndivyo ndoa ilivyo ikishazoeleka.

Ndipo mama yangu mzazi alipokuja kututembelea kutoka Matombo, katika milima ya Uluguru. Siku ya tatu aliniita nje, akaniuliza, "Mwanangu, mkeo anaumwa nini?"

"Haumwi, mama."

"Basi mbona tangu nimefika sijamsikia akiimba?"

Nikamweleza habari ya kwaya, nikitumaini atanisifu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Wewe wakumbuka nilivyokuwa nikisuka ukili baada ya chakula cha jioni? Baba yako aliwakataza msinisumbue mpaka nimalize pima yangu. Mlidhani natafuta mkeka. Mimi nilikuwa natafuta pumzi. Bila ukili ule ningewapiga ninyi kila siku."

Msomaji, nilikumbuka. Nilimkumbuka baba yangu, mtu mkali wa maneno machache, akimbembeleza mdogo wangu uani ili mama asuke. Wakati ule nilidhani ni mapenzi tu ya baba kwa mtoto. Kumbe alikuwa akimlindia mama saa yake.

MKEKA HAUSUKWI SIKU MOJA

Ninyi mlio vijijini mwaijua kazi ya ukili. Majani ya ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa nyembamba, na mengine huchemshwa na rangi. Kisha husukwa utepe mrefu, na utepe huo huviringishwa na kuwekwa pembeni. Siku ukili ukitosha, hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Hakuna mama anayekaa chini asubuhi akainuka jioni na mkeka mzima. Husuka kidogo maharage yakichemka, kidogo mtoto akilala, kidogo akizungumza na jirani. Akiitwa huuweka, akirudi huuendeleza palepale alipoachia. Mabibi zetu walichagua kazi inayovumilia watoto.

Hapo pana jibu kwa mama asemaye, "Mimi sina nafasi." Ni kweli, hana siku nzima. Pengine hana hata saa moja. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Nusu saa tatu kwa juma, zikiheshimiwa na wote nyumbani, zaweza kurudisha kitambaa, wimbo au daftari la mashairi lililosahauliwa.

Jambo hili ni zito zaidi huku kwetu mjini. Mama aliyeolewa kutoka kijijini akaja kupanga chumba Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Bunju, ameacha mengi nyuma yake. Kule palikuwa na bibi wa kumshika mtoto, na wifi wa kutwanga naye huku wakipokezana nyimbo. Huku unga husagwa mashineni, na wimbo wa kinu umekufa pamoja na kinu. Mlango wa chumba ukifungwa, yumo yeye na watoto wake, na redio ya jirani. Kazi ya mikono pengine imepungua kidogo, lakini upweke umezidi. Basi nanyi mlio vijijini, msiviache vitu hivyo vife kwa kudhani ni vya kizamani. Na binti yenu akija mjini, mtumieni ukindu pamoja na unga.

MIFANO YA WALIOTUTANGULIA

Huenda mtu akasema kwamba furaha ya mama ni anasa, na mama mwema hujisahau. Tutazame basi wanawake watatu.

Wa kwanza ni Mtakatifu Zelia Martin wa Alençon, Ufaransa, mama wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Zelia alizaliwa mwaka 1831. Alikuwa fundi wa lesi, yaani kitambaa chepesi cha nyuzi kilichofumwa kwa sindano, kazi iliyoupa mji wake sifa kubwa. Aliolewa na Luis Martin, fundi wa saa, mwaka 1858, wakazaa watoto 9. Wanne walifariki wakiwa wadogo, na mabinti 5 waliobaki wote wakawa watawa. Katika taabu hizo zote Zelia hakuiacha sindano. Aliandika katika barua zake kwamba hakuwa na raha kuliko pale alipoketi dirishani akiunganisha vipande vya lesi yake.

Lakini barua hizo hizo zasema pia kwamba lesi ilimtesa. Maagizo ya wateja yalipokuwa mengi, kazi aliyoipenda ikamgeuka bwana wake. Mwaka 1870 mumewe aliuza duka lake la saa ili amsaidie mkewe katika biashara ya lesi. Zelia alifariki kwa saratani ya titi mwaka 1877, na mwaka 2015 Papa Fransisko aliwatangaza mume na mke pamoja kuwa watakatifu. Angalieni jambo hilo, enyi akina baba: katika njia ya utakatifu wa Luis Martin, mlikuwamo pia kuacha saa zake ili kuibeba kazi ya mkewe.

Wa pili ni wa pwani yetu. Mwana Kupona aliishi Siyu na Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya, naye alikuwa mjane na mgonjwa alipotunga utenzi wa mawaidha kwa binti yake, Mwana Hashima, mwaka 1858, mwaka uleule Zelia alipoolewa. Hakuwa Mkristo, na baadhi ya mawaidha yake ni ya zama zake. Lakini tazama: mama aliyelala kitandani, asiyejua atapona au hatapona, aliona kwamba kipaji chake cha kutunga ni sehemu ya malezi. Tangu hapo miaka zaidi ya 160 imepita, na utenzi ule ungali unasomwa.

Wa tatu ni Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Wengi humjua kama mpigania uhuru. Kabla ya hapo alikuwa mama wa binti mmoja, na mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Bila shaka walikuwapo watu waliosema kwamba ngoma ni kupoteza wakati. Mwaka 1955 alipokuwa kiongozi wa wanawake wa TANU, ni katika vikundi vile vya ngoma alikowapata wanawake, maana walikwisha zoeleana na kuaminiana kwa kuimba pamoja. Sauti iliyozoea kuongoza wimbo ikaweza kuongoza mkutano. Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam yaitwa kwa jina lake.

Na juu ya hao wote yuko Mama Bikira Maria. Mwinjili Luka atuambia kwamba alipokuwa na mimba alikwenda kwa haraka milimani kumwona Elizabeti, naye akiwa na mimba yake. Wanawake wawili wajawazito walipokutana, mmoja aliimba. Kanisa laurudia wimbo huo kila jioni katika masifu. Mama wa Mungu hakuona kwamba kupata mtoto ni sababu ya kunyamaza.

TUTOFAUTISHE UCHOVU NA UGONJWA

Hapa yafaa niseme jambo moja kwa uwazi, maana laweza kuokoa uhai. Kunyamaza kwa mama kwingine si kukosa wimbo, ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba duniani kote, wanawake wapatao 13 katika kila 100 waliojifungua hupata maradhi ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Katika nchi zinazoendelea ni karibu 20 katika kila 100. Maradhi haya si uvivu, si kukosa imani, wala si kurogwa.

Mama akiwa na huzuni kila siku kwa majuma mawili au zaidi, akikosa usingizi hata mtoto anapolala, akikataa chakula, akimwona mwanawe kama mgeni, au akisema afadhali afe, msimwambie avumilie. Mpelekeni kwenye zahanati au kituo cha afya mkaeleze hali yake yote. Akisema atajidhuru au atamdhuru mtoto, msimwache peke yake hata kidogo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Sala iende pamoja na dawa, wala isichukue nafasi yake. Kitambaa na kwaya ni chakula cha moyo, bali mgonjwa huhitaji na mganga.

TUFANYE NINI?

Kwanza, baba na amwulize mama swali nililolianza nalo, kisha asubiri jibu. Huenda mama mwenyewe amekwisha sahau. Mke wangu nilipomwuliza alisema, "Sijui." Ilipita siku mbili ndipo akatoa ile sare chini ya sanduku akainusa.

Pili, wakati upangwe, na ujulikane na watoto. Jambo lisilo na saa yake humezwa na kazi nyingine. Iwe jioni ya Jumatano, au Jumapili baada ya Misa, lakini iwe yake.

Tatu, kazi ya mama katika saa hiyo ishikwe na mtu mwingine. Kumwambia mama "nenda kaimbe" huku vyombo vikimngoja ni kumwongezea mzigo. Mvulana wa miaka 10 aweza kuosha sufuria, na mikono ya baba haikatiki kwa kumbeba mtoto. Jioni yangu ya kwanza niliungulisha mboga, nikasonga ugali wenye madonge, na mtoto mdogo akalia mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Saa mbili zile zilinifundisha juu ya kazi ya mke wangu kuliko miaka yote niliyoishi naye.

Nne, tusiharakishe kugeuza kila kipaji kuwa biashara. Siku hizi mama akifuma kitambaa kimoja, watu husema, "Kwa nini usiuze?" Kuuza si vibaya, na akina mama wengi wamesomesha watoto kwa vitambaa na mikeka. Lakini aamue mwenyewe. Tumkumbuke Zelia na maagizo yake. Mama aweza kufanya kitu kwa sababu ni kizuri tu, kama Mungu alivyolipamba ua la porini ambalo hakuna anayelinunua.

Tano, jumuiya zisaidie. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki uliotimiza miaka 50 mwaka 2022, wana desturi ya kukutana. Mama watatu wa jumuiya moja waweza kupeana zamu: leo mmoja awatazame watoto wa wote, kesho mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mama amwache mtoto na njaa akacheze ngoma hadi alfajiri. Mtoto mchanga ana haki yake, na haki hiyo haingoji. Nasema kwamba mtoto ana haki nyingine pia, ya kulelewa na mama ambaye moyo wake u hai. Watoto hawasikilizi mahubiri yetu mengi, bali hutazama. Binti anayemwona mama yake akizikwa na kazi hujifunza kuogopa kuwa mama. Binti anayemwona mama yake akifanya kazi kwa bidii, kisha akaketi na ukili wake huku nyumba nzima ikiiheshimu saa hiyo, hujifunza kwamba kuwa mama si mwisho wa mtu.

Katika Injili ya Mathayo twasoma habari za mtumishi aliyefukia talanta ya bwana wake ardhini. Tumezoea kumlaumu mfukiaji. Lakini nyumba nyingine si mama aliyefukia talanta yake. Ni sisi waume tuliochimba shimo, tukamwambia aitie humo. Siku ya hesabu tutaulizwa na sisi.

Mke wangu sasa huenda mazoezini Jumatano na Jumamosi. Sisemi nyumba yetu imekuwa mbinguni. Bado watoto hupiga kelele, bado fedha hazitoshi, na juma lililopita tuligombana kwa sababu nilisahau zamu yangu nikachelewa kurudi. Lakini asubuhi moja nilikuwa nikivaa viatu, nikamsikia uani akifua na kuimba taratibu, na mtoto wetu mkubwa akimwitikia. Nilikaa na kiatu kimoja mkononi mpaka wimbo ukaisha, nami nikachelewa kazini.

Basi, msomaji, umefika mwisho wa maneno yangu. Ikiwa wewe ni mama, toa kilicho chini ya sanduku ukitazame tena, wala usione haya. Ikiwa wewe ni baba, usilale leo kabla hujamwuliza mkeo lile swali. Ukishamwuliza, nyamaza umsikilize.

Tumsifu Yesu Kristo.